Kijerumani cha Bichi

Mpwa wangu alitua Hamburg katikati ya Septemba 2024 akijua Kijerumani kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na hicho ndicho kilichomponza. Jina lake silitaji. Pale Ukunda jina la mtu lina mbio kuliko bodaboda, naye amenikubalia nisimulie kisa hiki kwa sharti hilo tu.

Nianze na kosa langu. Mimi nilihudumia meza katika hoteli za Diani mpaka Agosti 1997, vurugu za Likoni zilipowatimua wageni nasi tukarudi mashambani kupalilia mikorosho. Kijerumani nilikiokota kwenye trei: kwanza bia, kisha bili, kisha habari za wajukuu wa mteja. Sikuwahi kukiona kimeandikwa ila kwenye menyu. Mpwa wangu akiwa na miaka tisa nikamrithisha nilichokuwa nacho, akakipeleka ufuoni, vijana wa bichi wakakinoa. Akajifunza kuuza safari ya kuwaona pomboo wa Kisite na kula kaa Wasini, akajifunza kushusha bei huku akiapa kwamba haishuki. Alipofika kidato cha tatu aliweza kumchekesha bibi wa Kijerumani mpaka ashike kofia isianguke. Kwetu Wadigo mtoto wa dada ni wa mjomba. Sifa zilikuwa zangu, nikaringa nazo barazani.

Jambo moja sikumwambia, kwa sababu hata mimi sikulijua: Mjerumani wa Diani yuko likizoni. Amevaa kaptura, ameacha saa chumbani, na barua zake ziko nyumbani kwake zikimsubiri. Mimi nilimhudumia miaka na miaka nikidhani namjua, kumbe nilimjua kwa wiki mbili zake za mapumziko.

Akiwa mwaka wa tatu wa usimamizi wa hoteli na utalii, chuo chake cha hapa Kenya kikamteua kwenda kusoma semesta moja Hamburg, katika chuo ambacho nacho sikitaji. Wanafunzi wa kubadilishana kama yeye hawalipishwi karo kule. Lakini ubalozi hautoi viza mpaka uonyeshe utakula nini. Wajerumani wana akaunti yao waiitayo Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa: unaweka fedha zote kabla ya safari, kisha kila mwezi unafunguliwa kiasi kilekile, hata ulie. Alipoomba yeye kiwango kilikuwa yuro 934 kwa mwezi. Septemba 2024 kilipandishwa hadi 992, ambazo kwa mwaka ni 11,904. Kwa miezi yake saba zilitakiwa kama shilingi laki tisa. Dada yangu aliuza kipande cha shamba Msambweni, pamoja na mikorosho iliyokuwa imeshaanza kuzaa. Mimi nikachukua mkopo wa Sacco. Zilizobaki zikatoka kwenye harambee, na mle kulikuwa na noti za hamsini hamsini za akina mama wauza viazi karai. Nazitaja noti zile makusudi.

Chuo cha kule kilimwekea kozi ya lugha ya wiki tatu kabla ya masomo kuanza. Siku ya kwanza walipewa mtihani wa kuwapanga madarasa. Kwa mdomo mpwa wangu aliwatia wivu Wabrazili na Wakorea. Kwa kalamu hakuandika sentensi moja iliyonyooka. Kijerumani kila jina, hata la kijiko, huanza kwa herufi kubwa, na kila jina lina jinsia yake, der, die au das. Ufuoni hakuna mteja aliyewahi kumdai hayo. Wakampanga darasa la A1, la watu wasiojua kitu. Alikaa siku mbili, ya tatu hakurudi. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, hawa wananifundisha kusema habari ya asubuhi!" Nikacheka naye. Laiti ningemwambia arudi darasani.

Mwalimu wa kozi ileile, katika wiki ya pili, aliwafundisha wanafunzi kusoma barua.

Ujerumani bado ni nchi ya karatasi. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, ukiwa na fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Bila cheti cha kujiandikisha, mambo ya benki yanakuwa magumu. Bila akaunti ya kawaida ya benki, ile Sperrkonto haina pa kumwagia zile 934. Jina lako lisipokuwa kwenye sanduku la barua mlangoni, tarishi anarudi na bahasha yake. Haya mpwa wangu aliyapita, kwa kusukumwa na Mghana mmoja wa bweni. Kwa kuwa alikuwa ameshaandikishwa, barua zikaanza kumfuata kama mbu wa masika.

Ya kwanza ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Chumba chake kilikuwa ndani ya fleti ya watu wanne, na mmoja wao alikuwa tayari analipia fleti nzima. Alichotakiwa kufanya ni kujibu kwa kuandika namba ya yule mlipaji, basi, yakaisha. Yeye alisoma neno "televisheni", akaona hana, akaitupa bahasha juu ya kabati. Ukinyamaza, wanakuandikisha wenyewe na deni linaanza kuhesabika. Ya pili ilikuwa ya bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni zaidi ya yuro 120 kila mwezi. Benki ilikuwa imekataa malipo kwa sababu tarakimu moja ya akaunti aliiandika vibaya. Nayo ikapanda kabatini. Kufikia Novemba lile kabati lilikuwa na bahasha kumi na moja, nane hazijaguswa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu kitu ambacho sijakisahau: "Mjomba, kwetu barua mbaya huletwa na mtu. Isipokuja na mtu, nikaona si mbaya."

Na hapo katikati akanunua simu. Dukani alizungumza Kijerumani chake kitamu, muuzaji akafurahi, wakapigana mabega. Akatia saini mkataba wa miezi 24 akiwa na viza ya miezi saba.

Nisije nikamchora kama mzembe. Darasani alihudhuria, hakukosa hata giza la Desemba lilipoanza kushuka saa kumi jioni na akili yake ya pwani ikamwambia ni wakati wa kulala. Jumapili alipanda kivuko namba 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder, akinitumia picha: "Tazama Likoni ya Wazungu, mjomba, kinaondoka kwa dakika!" Alikwenda hata makaburi ya Ohlsdorf kulitafuta kaburi la Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyeingia mji huo mwaka 1867 kama mke wa mfanyabiashara wa Hamburg, na aliyezikwa huko mwaka 1924.

Mwezi huohuo akaalikwa kwenye darasa la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Hamburg, azungumze na wanafunzi kama mwenye lugha. Alijiandaa kwa kanzu na kofia. Mwalimu alikuwa na nakala ya Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1903 na mpwa wangu hakuwahi kukiona. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka binti mmoja wa Kijerumani aliponyoosha mkono. Kwa nini, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, kitabu kikubwa "kinaanguka" lakini kiboko mkubwa "anaanguka", na vyote viwili vinaanza na ki? Mpwa wangu akajibu kwamba ndivyo tunavyosema. "Ndiyo, lakini kwa nini?" Akabaki ametabasamu. Binti akafungua daftari na kumweleza mwenyewe, kwa upole kabisa, kwamba kiboko ana uhai na uhai hushinda ngeli.

Alinihadithia kisa hicho kama kichekesho. Mimi kilinichoma. Binti yule hakuwahi kuikanyaga Mombasa, lakini Kiswahili alikuwa amekipitia kwa kalamu, na sisi wawili tulikuwa tumekipitia Kijerumani kwa mdomo.

Sasa pigo lenyewe. Hapa kwetu ukihudhuria masomo na kulipa karo, mtihani unakujia. Katika vyuo vingi vya Ujerumani kuhudhuria ni jambo moja na kufanya mtihani ni jambo jingine: unajiandikisha kwa kila mtihani, kwenye mfumo wa chuo, ndani ya siku zilizotangazwa. Zikipita, zimepita. Tangazo lilimjia kwenye barua pepe ya chuo, kwa Kijerumani, likafuatwa na ukumbusho. Yeye aliishi WhatsApp. Wenzake wa kozi ya Septemba walikuwa wameonyeshwa na mwalimu neno moja la kulitafuta katika kila karatasi kabla ya kusoma lolote jingine: Frist. Ni makataa. Penye neno hilo pana tarehe, na tarehe hiyo haina mjomba.

Dirisha lilifungwa kabla ya Krismasi. Alilijua hilo Januari, wenzake walipokuwa wakilinganisha ratiba za mitihani. Akaenda ofisi ya mitihani, na kwa kuwa aliuamini ulimi wake, akaingia na tabasamu la Diani. Kijerumani kina "wewe" mbili: du ya rafiki, mtoto na mwenzio wa likizo, na Sie ya mtu unayemheshimu. Ufuoni hakuna Sie. Kwa hiyo alimkabili mama wa makamo aliyekuwa nyuma ya meza kwa du, akamwambia wala si tatizo, wataelewana. Chukulia mtu anaingia kwa kadhi wa Kwale na kumwambia "we, hebu sikia". Yule mama hakukasirika. Alimjibu kwa Sie, sentensi moja, akageuza kioo cha kompyuta ili aione tarehe mwenyewe. Sidhani kwamba Sie ingemfungulia dirisha. Sheria ni sheria. Lakini siku ile ndiyo aliyotambua, kwa maneno yake, kwamba miezi minne alikuwa akizungumza na watu wazima wa Hamburg kama anayewauzia ngamia.

Alirudi mwisho wa Machi 2025, siku chache kabla ya Idi, na karatasi ya matokeo isiyo na alama hata moja. Chuo chake cha hapa hakikuwa na cha kumhesabia. Ikabidi arudie semesta nzima, na wenzake wakavaa majoho yeye yuko maktaba. Dada yangu hakumlaumu. Alipita tu kule shambani siku ya korosho kuokotwa, akawatazama wenye shamba wapya wakiokota, akarudi nyumbani.

Nasimulia haya sasa kwa sababu Pwani nzima Ujerumani imekuwa wimbo. Tarehe 13 Septemba 2024, siku zilezile mpwa wangu alipokuwa akijifunza kufungua dirisha la bweni, Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi na wanafunzi, Rais Ruto na Chansela Scholz wakiwapo. Siku hiyohiyo zikaenea habari za nafasi 250,000 za kazi. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Mpaka leo nakutana na wazazi Lunga Lunga na Kinango wanaoitaja ile 250,000 kwa kiapo, na wakala wa kuwatoza fedha hawakosekani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ameusoma mkataba. Nami sina ulimi wa kuwacheka.

Binti yangu naye ameanza Kijerumani. Anasoma kwa kitabu, na jioni binamu yake huja kumsahihisha matamshi. Nilidhani atamletea hadithi za Hamburg. Akamletea zile bahasha, zote kumi na moja. Wanazifungua moja moja mezani, kamusi katikati, na binti anapigia mstari kila Frist kwa kalamu nyekundu. Ile ya redio waliijibu pamoja, wakaambatisha namba ya yule mwenza wa fleti na cheti cha kuhama, deni likafutwa. Ya bima inalipwa kidogo kidogo. Barua zote wanaziandika kwa Sie, na binti ndiye anayekagua herufi kubwa.

Wikendi mpwa wangu hupeleka wageni Wasini, kama zamani, na sehemu ya mapato huivusha kwenda Ujerumani kulipia simu. Mkataba unaisha Oktoba 2026. Ile laini haijalia hata mara moja tangu arudi Ukunda.