Mtoto Mwenye Kuwaza Si Mwongo



Ripoti za shule zimefika nyumbani, na neno moja la Kiingereza limeleta mtafaruku katika familia zetu: "imaginative". Baadhi ya wazazi wamelisoma wakadhani mwalimu anasema mtoto wao anatunga uongo. Kuna nyumba ambayo mtoto nusura achapwe.

Neno hili lina ndugu yake, "imaginary", yaani kitu cha kufikirika tu, kisichokuwepo. Hilo ndilo wanalotumia wanaosema Mungu wetu ni rafiki wa kufikirika, na watoto wetu hulisikia huko shuleni. Lakini alichoandika mwalimu ni kingine kabisa. Anasema mtoto ni mbunifu, anaona kwa akili kitu ambacho bado hakijakuwepo. Ni sifa hiyo, jamani!

Kwa wale tunaosoma Biblia ya King James, ya mwaka 1611, shaka inaeleweka. Katika Mwanzo 6:5, kabla ya gharika, neno la ukoo huohuo limefungwa pamoja na uovu wa moyo. Lakini ubaya ulikuwa katika moyo unaowaza, si katika kipawa cha kuwaza.

Nathani alipotumwa kwa Daudi, katika 2 Samweli 12, alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Tajiri huyo hakuwepo, wala kondoo. Daudi akawaka hasira kwelikweli, ndipo akaonyeshwa kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Je, nabii alidanganya? Na Bwana wetu alipowasimulia watu habari za Mwana Mpotevu?

Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunawajua watoto hawa. Anakuambia kuna simba anamng'ata tumboni. Ukimkemea kwamba hakuna simba, atanyamaza, na maumivu yatabaki palepale. Ukimuuliza simba anauma upande gani, atakuonyesha kwa kidole. Akionyesha chini, upande wa kulia, tunamwita daktari mara moja.

Aliyevunja sahani akamsingizia mdogo wake, huyo aonywe. Anataka kukwepa. Mwenye simba tumboni hakwepi kitu, anatafuta msaada kwa maneno aliyonayo.

Mzazi mwenye ripoti asiyoielewa aje nayo Jumapili baada ya ibada, kwenye darasa la watoto. Tutaisoma pamoja, na mtoto mwenyewe awepo.