Kujifungua na Kuzalishwa

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa tukio moja. Mwanamke aliyepata mtoto husemwa kuwa amejifungua. Mwanamke huyohuyo, kwa mtoto huyohuyo, husemwa pia kuwa amezalishwa. Katika neno la kwanza yeye ndiye mtenda na ndiye mtendwa: fundo lilikuwa mwilini mwake, naye amelifungua. Katika neno la pili mtenda ni mwingine, awe mkunga, muuguzi au daktari, na mwanamke amekuwa mahali palipofanyiwa kazi. Wazungumzaji huyapokezanisha maneno haya bila ya kuhisi mgongano, na aghalabu mgongano haupo. Lakini hutokea mwanamke akafika mwezi wa nane, akatambua kwamba pale anapohudumiwa wanajiandaa kumzalisha, ilhali yeye anataka kujifungua. Hapo huzuka swali lisilojibika kwa haraka: je, ni haki kwake kumwacha aliyemtazama tangu mwanzo akaenda kwa mwingine, na siku zilizobaki ni za kuhesabika?

Uchukuliwe mfano wa mwanamke wa Mkwajuni. Mkwajuni hii si ile ya Kaskazini Unguja inayojulikana na watu wa visiwani, bali ni ya bara, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Majina yamefanana kwa kuwa mkwaju hauchagui pwani wala bara. Huko ni nchi ya wachimbaji wa dhahabu, wakulima na wafugaji, upande wa Ziwa Rukwa, na Mbeya mjini ni safari ya kutafutiwa nauli. Mwanamke huyu ni wa kubuni, lakini hali yake ni ya wengi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa operesheni. Mimba hii ya pili amehudhuria kliniki bila ya kukosa, na kovu lake limeandikwa katika kadi kuwa ni jambo la kuangaliwa. Mwezi wa nane anaambiwa kwamba safari hii pia atapasuliwa, na siku imekwisha kupangwa. Anauliza kama hawezi kujaribu njia ya kawaida, naye anajibiwa kwamba maswali hayo si yake. Nyumbani, mama mkwe anamtaja mkunga wa jadi wa kijiji cha jirani, mtu mwenye mkono mwepesi. Dada yake aliyeko Mbeya anampigia simu kumwambia kuwa hospitali kubwa za huko zina madaktari wanaoweza kumpima, na wakiona inafaa, wakamwacha ajaribu huku wakimkalia karibu. Milango imekuwa mitatu, na miguu imevimba.

Wa kwanza kumlaumu watasema kwamba hana shukrani. Miezi minane amepimwa, amechomwa sindano, amepewa vidonge vya kuongeza damu, leo anageuka. Wazee watamkumbusha kuwa mchagua nazi hupata koroma. Lawama hii ina uzito, kwani malezi ya mimba huzaa udugu wa namna yake, na anayeachwa huumia. Lakini inafaa kutazamwa ni kitu gani hasa kilichotolewa na kilichopokewa. Mwanamke hakuuza tumbo lake kliniki, wala kliniki haikulinunua. Aliliweka kama amana, na amana ina sheria yake inayojulikana na kila Mswahili: aliyewekewa huitunza kwa bidii zote, na mwenyewe akija kuichukua, hukabidhiwa. Mtunza amana anaweza kusikitika, hawezi kudai. Hata utaratibu wa Tanzania umelikiri jambo hili pasi na kulitangaza, maana kadi ya mjamzito hukaa kwa mjamzito mwenyewe. Yeye huondoka nayo kliniki, huilaza ndani ya kanga zake, na huenda nayo popote aendako.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya mtoto. Watu watauliza kama mama anayo haki ya kuchagua namna ya kuzaa pale ambapo uchaguzi wake unamhusu asiyeweza kusema. Hapa hapana budi kuingia katika tarakimu. Elimu ya tiba inaeleza kwamba kwa wanawake waliopasuliwa mara moja kwa mkato wa chini wa kukingama, wakajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, takribani watatu kati ya wanne hufanikiwa, na kovu la mji wa mimba huachia kwa mmoja katika kila 200 hivi. Kwa hiyo matumaini ya mwanamke huyu si upuuzi. Wala operesheni ya pili si jambo lisilo na madhara, kwani kila kovu jipya huiongezea hatari mimba itakayofuata. Madaktari wenyewe wamelibishania suala hili. Nchini Marekani, mwaka 1999, chama cha mabingwa wa uzazi kilishauri kwamba jaribio la namna hiyo lifanywe pale tu penye daktari wa kupasua aliye tayari papo hapo. Hospitali nyingi zikaacha kabisa kuruhusu, na wanawake wakawa wanahama daktari hadi daktari na mji hadi mji, mimba zikiwa pevu, wakitafuta wa kuwakubali. Mwaka 2010 chama hichohicho kilitoa mwongozo uliolegeza msimamo, kikasisitiza kuwa mwanamke ashirikishwe katika uamuzi.

Hata hivyo tarakimu hazisafiri peke yake. Yule mmoja katika 200 amehesabiwa mahali ambapo chumba cha operesheni kiko hatua chache, damu ya kuongezea ipo, na mtu wa kutia usingizi yu macho. Ukiitoa tarakimu hiyo hospitalini ukaipeleka katika nyumba ya mkunga wa kijijini, usiku, barabara ikiwa imekatwa na mvua, haitabaki ileile. Kovu likiachia huko, kinachohesabiwa ni dakika, na dakika hizo hazipo. Ndiyo maana milango mitatu ya mwanamke wa Mkwajuni haiwezi kuwekwa katika mizani moja, ingawa yote miwili ya kuhamia inaitwa kuhama. Tanzania imepiga hatua ambayo haifai kubezwa na mtu aliyekaa kivulini. Takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionyesha vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Zile za 2022 zilionyesha 104. Katika muda huo, waliozalia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Nyuma ya tarakimu hizi wamo mama ambao leo wanasonga ugali.

Lakini inafaa kuulizwa pia ni nini mwanamke anachokifuata kwa mkunga wa jadi. Aghalabu hafuati ujinga. Anafuata mkono wa kumkanda mgongo, sauti ya kumwita mwanangu, ruhusa ya kuchutama au kupiga magoti akitaka, na mama yake mzazi pembeni. Jina lenyewe la mkunga ni jirani wa neno kunga, yaani siri na mafunzo yapitishwayo kwa upole baina ya watu wanaoaminiana. Haya si mambo ya anasa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake kuhusu huduma wakati wa uchungu, lilitaja heshima, maelezo ya kueleweka, mwenza anayechaguliwa na mzazi, na mkao anaoupenda mwenyewe. Kilichokuwa kikifuatwa kibandani kimetambuliwa kuwa ni sehemu ya tiba njema. Hospitali ikikikosa kitu hicho, isistaajabu kukimbiwa.

Kiini cha suala basi hakimo katika kuhama. Kimo katika ukweli, na gharama ya kuusema. Mwanamke ahamaye mwezi wa nane hujua kuwa kovu lake ndilo litakalomfanya akataliwe. Akilitaja kwa mkunga wa kijiji, mkunga mwenye busara atamrejesha hospitali. Akilitaja katika kituo kipya, huenda akakemewa kama alivyokemewa katika kile cha zamani. Kishawishi ni kukaa kimya: kuificha kadi, kusema kuwa imepotea, kujitia kwamba hii ndiyo mimba ya kwanza. Na hapo ndipo kifo hupita. Anayempokea bila ya kujua atampa dawa ya kuongeza uchungu, ya mizizi ikiwa ni kijijini na ya dripu ikiwa ni kituoni, na zote mbili zaweza kulipasua kovu. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania zimewahi kutungwa sheria ndogo za kuwatoza faini waliozalia nyumbani. Nia ilikuwa ni kuokoa maisha, lakini faini haikuchukii kuzaa nyumbani tu. Humfunza mtu uongo pia, na mwenye kuogopa faini huchelewa kuita msaada hata damu inapokwisha kuzidi.

Kwa hivyo wajibu umegawanyika kwa watu watatu. Anayeondoka anawajibika kuondoka na kovu lake hadharani: aipeleke kadi, aseme lini alipasuliwa, kwa sababu gani, na mtoto alitokaje. Akificha, amewavunjia haki mtoto aliye tumboni na yule atakayemshika mkono. Anayeachwa anawajibika kumwaga kwa wema, kumwandikia kila alichokijua, na kumweleza hatari kwa kipimo chake bila ya kuifanya fimbo. Na akitaka asiachwe, dawa yake ni kujibu swali pale linapoulizwa. Anayepokea anawajibika kuuliza kabla ya kujigamba, na kumwambia mgeni wake bila ya kumumunya maneno kama hana uwezo wa kumtumikia. Mkunga wa jadi asemaye "hili si langu, mwanangu, twende pamoja" hajapoteza heshima ya mikono yake. Ameilinda.

Yupo na wa nne, ambaye ni jamii. Haki ya kuchagua isiyo na nauli ni maneno matupu. Mwanamke mwenye fedha huhama daktari kwa simu moja; wa Mkwajuni atahitaji mume wa kukubali, pesa ya basi, ndugu wa kumlaza Mbeya wiki mbili tatu akisubiri uchungu, na mtu wa kubaki na mtoto wa kwanza. Mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchini kote mwaka 2022, umewezesha mjamzito mwenye dharura kuitiwa gari kwa namba 115 bila ya malipo, hata gari la dereva wa kijijini pale lisipopatikana la wagonjwa. Hilo ni jema kubwa, ila ni la saa ya dharura. Uchaguzi hufanywa kabla yake, na ni katika saa za utulivu ambapo mwanamke huachwa peke yake.

Yamkini mwanamke huyu akienda Mbeya atapimwa, ataelezwa, na bado ataambiwa kwamba kupasuliwa ndiko kuliko salama. Wapo watakaosema kuwa safari ilikuwa ya bure. Lakini safari hii ameonyeshwa sababu, ameuliza na kujibiwa, akakaa nayo usiku mmoja, kisha akasema: "Haya, nimekubali." Kisu kitakuwa cha daktari, na fundo atalifungua daktari. Hata hivyo atakapotoka chumbani na mtoto kifuani, jirani wa kitanda akimuuliza ilikuwaje, atakuwa na haki ya kujibu kwa kitenzi kile cha kwanza. Na yule aliyeandaliwa kisu hichohicho kule alikotoka, akakatazwa kuuliza, angesalimika vilevile labda, na mtoto wake pia. Ila angesema amezalishwa, na lugha ingekuwa imesema kweli.