Nukta Isiyojua Umbali

Kijana mmoja wa Jämtland, katika misitu ya kaskazini mwa Sweden, alirithi bunduki ya baba yake. Ilikuwa ya zamani, kitako kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, na ilikuwa ya kulengea kwa chuma kitupu: mwanya nyuma, kinundu mbele. Baba alikuwa na desturi moja. Mnyama akitokea mbali, aliinua bunduki, akatazama, kisha akaishusha taratibu. Mwanawe alipomuuliza sababu, jibu lilikuwa lile lile: "Kinundu kimemmeza." Kile kichuma cha mbele kilikuwa kimemfunika mnyama karibu wote, na mzee hakuwa mtu wa kupiga asichokiona.

Baba alipofariki, kijana aliona kwamba chuma kimepitwa na wakati. Akanunua kilengeo cha nukta nyekundu. Kwao si jambo geni. Kampuni ya Aimpoint, ya huko huko Sweden, ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha nukta ya umeme mwaka 1975, na mwaka 1997 jeshi la nchi kavu la Marekani likachagua kimojawapo cha kampuni hiyo kwa bunduki za askari wake. Ndani ya chombo cha aina hii mna taa ndogo mno inayotupa mwanga kwenye kioo. Kioo huurudisha mwanga huo jichoni, na mlengaji huiona nukta kana kwamba inaelea kule aliko mnyama. Hana haja tena ya kupanga mwanya, kinundu na shabaha katika mstari mmoja. Macho yote mawili hubaki wazi. Anaweka nukta, anavuta kifyatulio.

Ila kioo hicho si darubini. Hakivuti kitu karibu wala hakikikuzi. Mnyama huonekana kwa ukubwa ule ule ambao angeonekana kwa macho matupu.

Kiangazi kizima kijana alifanya mazoezi. Wawindaji wa Sweden hujipima kwa ubao wenye umbo la elki, ulio mita 80 kutoka kwa mpigaji. Mara umesimama, mara unakimbia juu ya reli. Elki mwenyewe ni mnyama wa jamii ya kulungu, na dume lake laweza kufika uzito wa kilo 500 na kimo cha karibu mita 2 mabegani. Kwa nukta nyekundu, ubao ule ukawa mchezo. Ukikimbia, nukta inaufuata. Ukisimama, nukta imeshafika. Kijana alipata alama ambazo baba yake hakuwahi kuzipata, na wenzake wakampigia makofi.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku ambayo uwindaji wa elki hufunguliwa huko kaskazini, alipangiwa dungu la mbao lililotazama uwanda wa kinamasi. Kabla watu hawajatawanyika, kiongozi wa msako aliwaambia neno moja: kila mtu abaki ndani ya umbali alioufanyia mazoezi. Kijana aliitikia kwa kichwa. Huitikia hivyo mtu aliyekwisha sikia jambo mara nyingi hata halimwingii tena.

Saa moja na nusu asubuhi elki dume alitoka msituni, ng'ambo ya kinamasi, akasimama ubavu. Mahali pa wazi pasipo mti wala jiwe hudanganya macho, na mnyama mkubwa huonekana jirani kuliko alivyo. Kijana alikisia mita 150. Akainua bunduki. Nukta ikakaa begani mwa mnyama, ndogo, safi, nyekundu, haina tofauti na ile ya uwanja wa mazoezi. Hakuona sababu ya kusita. Akafyatua.

Elki alijikunja, akayumba, akatokomea msituni.

Sheria ya Sweden inamtaka mwindaji awe na uhakika wa kupata mbwa aliyefunzwa kufuata wanyama waliojeruhiwa, anayeweza kufika mahali pa tukio ndani ya saa mbili. Mbwa akaja na mwenyewe, mama mmoja wa makamo aliyejaa ukimya. Alikuwa mbwa wa miguu mifupi na kiwiliwili kirefu, ambaye ungecheka kumwona akitumwa kumfuata mnyama wa kilo 500. Mama hakumwachia mara moja. Alipiga magoti pale aliposimama elki, akapekua nyasi kwa vidole, akainuka na kitu kiganjani. Kilikuwa kipande cha mfupa.

"Mguu," alisema.

Walimfuata elki kutwa, mbwa mbele kwenye kamba ndefu, mama nyuma yake, kijana nyuma ya wote. Walivuka vijito viwili. Mara tatu walipakuta mahali ambapo mnyama alikuwa amelala akainuka, na kila mara nyasi zilikuwa zimelowa damu. Walimfikia saa tisa alasiri, akiwa amesimama kwa miguu mitatu kati ya miti ya misonobari, hatua chache tu mbele yao. Kijana akammaliza. Nukta ile ile, mkono ule ule. Safari hii mnyama alianguka papo hapo.

Waliporudi, mama alipanda dunguni, akatoa kipima umbali chake, akakielekeza ng'ambo ya kinamasi, kisha akampa kijana asome mwenyewe. Mita 250.

"Lakini nukta ilikuwa begani," kijana alisema. "Naapa ilikuwa begani."

"Sikatai," mama alijibu. "Nukta yako ni ya ukubwa gani?"

Ilikuwa ya dakika nne. Vipimo hivi ni vya pembe: digrii moja hugawanywa vipande 60, na kila kipande huitwa dakika. Dakika moja, kwa umbali wa mita 100, hufunika karibu sentimita 3. Mama alimfanyia hesabu juu ya ubao wa dungu kwa ncha ya kisu. Kwa mita 80, nukta ya dakika nne hufunika sentimita 9, kiasi cha mdomo wa kikombe cha chai. Kwa mita 250 hufunika sentimita 29, sahani nzima ya chakula.

"Machoni pako nukta haikukua, ndiyo maana hukushtuka," alisema. "Kilichokua ni kile inachokificha. Halafu kuna risasi yenyewe. Nukta hukaa kwenye mstari ulionyooka, lakini risasi huanguka kama jiwe lolote lililorushwa. Bunduki hii uliirekebisha kwa mita 80. Ikifika mita 250, risasi yake imekwisha kushuka chini ya nukta kwa karibu sentimita 30. Ulilenga mapafu, yenyewe ikapita chini ya mapafu, ikavunja mguu."

Kijana hakukubali upesi. Akakumbusha kwamba askari hutumia nukta kama hizo na kupiga hadi mita 300.

"Ni kweli. Wanapiga mbao zilizopandwa kwenye umbali waliokwisha ambiwa, na wamefundishwa risasi yao inashuka wapi. Tena ubao ukigongwa ukingoni umehesabiwa umepigwa. Elki akigongwa ukingoni, unamwita mbwa wangu."

Hapo kijana alinyamaza. Baada ya muda akasema, kama anayejisemea: "Baba angesema kinundu kimemmeza."

Funzo la kisa hiki halimo katika ubaya wa chombo, kwa sababu chombo si kibaya. Kwa mnyama anayekimbia kati ya miti, ndani ya mita 100, ni vigumu kupata kilengeo kinachokaa upesi kuliko hicho. Mkosa hakuwa nukta. Nukta ilifanya kazi yake yote, nayo ni moja: kuonyesha bunduki inaelekea wapi. Haijui mnyama yuko mbali kiasi gani, haijui risasi itashuka wapi, na haijui kama macho ya mwenye bunduki yanauona ukingo wa bega au yanakisia tu.

Kile kinundu cha baba kilikuwa na kasoro nyingi, ila kasoro zake zilisema. Mnyama alipokuwa mbali, kinundu kilimfunika, mwanya ukatia ukungu, mkono ukasita. Tabu ile ndiyo iliyokuwa ikimwonya mzee. Kijana alipoiondoa tabu, aliliondoa na onyo bila kujua, wala hakuweka jingine mahali pake. Madereva wanalielewa hili. Barabara yenye mashimo humfunza mtu mwendo hata kama hataki. Ikitiwa lami, shimo halimfunzi tena. Lazima breki aibebe kichwani mwake. Kila chombo kinachorahisisha kazi humtwika mwenyewe kazi nyingine, ya kujua aishie wapi.

Na mahali pa kuishia hapapatikani kwenye kijitabu kinachokuja ndani ya boksi. Mama yule alimwelekeza kijana namna ya kupatafuta. Achukue sahani ya karatasi ya upana wa sentimita 25. Aipige risasi tano kutoka mita 50, kwa mkao atakaoutumia porini, si kwa kuegemea meza ya uwanjani. Zote zikiingia, arudi nyuma kidogo, apige tena tano. Siku risasi moja itakapotoka nje ya sahani, umbali uliotangulia ndio wake. Mwingine atapata mita 150, mwingine mita 90. Hakuna cha kuona haya, maana umbali huo ni wa mtu na macho yake, hauuzwi pamoja na kilengeo.

Kijana alifanya hivyo majira yote ya kiangazi yaliyofuata. Alipata mita 110. Wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa, alikwenda kwenye dungu lake na kipima umbali cha kuazima, akapigilia vigingi kinamasini kwa duara, mita 110 kila upande, na juu ya kila kigingi akafunga kitambaa cheupe.

Septemba ilipofika, elki jike alitoka msituni, akapita nyuma ya vitambaa bila haraka, akasimama ubavu kama yule wa mwaka uliopita. Kijana aliinua bunduki. Nukta ikakaa begani, ndogo, safi, nyekundu. Akatazama kitambaa, akamtazama mnyama, kisha akaishusha taratibu.