Anza na Soketi ya Ukutani

Mjukuu wangu, ile karatasi uliyoniachia juzi nimeisoma mara mbili, miwani ikiwa puani. Umepanga prosesa, mazabodi, RAM na kadi ya picha, na juu kabisa umeandika kwa herufi kubwa: IDUMU MIAKA KUMI. Bajeti milioni mbili na nusu, na zaidi ya nusu yake umeipa kadi ya picha. Pawa saplai umeiweka mwisho, na mbele yake neno moja tu: "yoyote."

Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nimekaa kwenye meza ya ufundi, Gerezani kisha Kariakoo, tangu enzi za redio za betri. Vifaa vilivyonifia mikononi kwa uzee ni vichache. Vingi viliuawa: umeme uliokatika ukarudi kwa kishindo, vumbi la Mtaa wa Msimbazi lililoganda kwenye feni, joto la chumba cha bati kisicho na dari, upepo wa bahari unaokula skrubu kwa kutu. Wale unaowatazama kwenye simu wakisifia chipu hawaishi na mambo haya. Sisi tunaishi nayo. Kwa hiyo kompyuta ya gemu ya kudumu, hapa Dar es Salaam, inaanzia kwenye soketi ya ukutani, halafu ndiyo inaingia ndani ya kasha.

Nikupe kisa cha aibu yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jirani mmoja aliletewa kompyuta na ndugu yake kutoka Marekani. Nyuma ya pawa saplai palikuwa na kitufe chekundu, kidogo kama punje ya hindi, kimeandikwa 115. Kule umeme wa majumbani ni volti 120 hivi; wetu ni 230. Kukisukuma kitufe kile kwa ncha ya bisibisi ni kazi ya sekunde moja. Mimi fundi mzima nikachomeka kwanza. Ulilia mlio mmoja kama fataki ya Idi, kapasita zikapasuka, moshi ukatoka kwenye matundu ya feni, na harufu yake ikakaa kibandani siku tatu. Pawa saplai nyingine nikanunua kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo sichomeki kitu cha mtu kabla sijakigeuza nyuma nikasoma.

Kusoma kwenyewe ni hivi. Utapewa pawa saplai yenye namba kubwa ubavuni: 500W. Usiitazame hiyo. Tafuta kwenye jedwali dogo mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni 216. Basi hiyo ni pawa saplai ya wati mia mbili na ushei iliyovaa kanzu ya mia tano. Halafu ipime kwa mkono. Iliyo nyepesi kama bati la maziwa mrudishie mwenyewe, umshukuru. Nzuri ina uzito, ina jina linalojulikana, na ukiitunza itahama nawe kutoka kompyuta hii hadi ijayo. Kadi ya picha haitakufanyia hivyo.

Nyumba zetu nyingi za zamani huku Kariakoo na Ilala zina soketi za matundu matatu, lakini lile la tatu halina waya wa ardhi nyuma yake. Limewekwa kama pambo. Ukigusa kasha la kompyuta kwa mkono mtupu linakutekenya vidole. Usicheke ukadhani ni mzaha. Mwite fundi umeme anayejulikana, si kishoka, avute waya wa ardhi. Kisha nunua UPS. Usiinunue ili ucheze gemu gizani; itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. UPS iliyoandikwa 650 VA kwa kawaida haifiki wati 400, kwa hiyo hapo pia usidanganywe na namba iliyo mbele.

Na bibi yako ameniagiza nikuulize habari za LUKU. Mashine inayokula wati 400 pamoja na monita, ukiicheza saa nne kwa siku, ni yuniti 1.6. Kwa siku 30 ni yuniti 48. Nyumba yenu ipo kwenye daraja la matumizi madogo, mwisho wake yuniti 75 kwa mwezi. Friji, pasi na taa zitagawana 27 zilizobaki. Zungumza na mama yako kabla hujanunua.

Sasa nije kwenye hiyo miaka kumi. Hakuna anayeweza kukuuzia. Unachoweza kununua ni nafasi ya kubadilisha kipande kimoja bila kutupa vyote, na nafasi hiyo ipo kwenye soketi ya prosesa. Waliojenga kwa mazabodi ya AM4 mwaka 2017 walikuja kuchomeka humo humo, baada ya kusasisha BIOS, prosesa ya AMD iliyotoka 2022. Wenzao walionunua mazabodi za Intel za Z270 Januari mwaka huo huo wa 2017, ilipofika Oktoba wakaletewa prosesa za kizazi cha 8 ambazo ubao wao haukuzikubali, ingawa jina la soketi lilikuwa lile lile. Hilo liliwauma wengi. Leo AM5, iliyotoka 2022, AMD wenyewe wameahidi kuitunza walau hadi 2027, nayo inatumia RAM za DDR5 tu. RAM zenyewe zilipanda bei mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye mashine za akili mnemba. Kama fedha haitoshi, AM4 bado ni mashine ya kiume. Chukua prosesa ya katikati, mazabodi isiyo na kutu, RAM GB 16 kwa vijiti viwili, SSD mpya. Hayo hayahitaji hotuba.

Kadi ya picha chukua ya kati pia, ujue utaibadilisha. Na za mtumba ziogope kidogo. Nyingi zilichimbiwa sarafu za Ethereum usiku na mchana, zikamwagwa sokoni baada ya Septemba 2022, mtandao huo ulipoacha uchimbaji wa namna ile. Si kwamba zote ni mbovu. Ila zipo pia zilizobadilishwa programu ya ndani ili kadi kuukuu ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z, omba iwashwe mbele yako, na gemu likimbie nusu saa. Tega sikio kwenye feni. Kagua vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, mtu ameshaingia humo kabla yako.

Kuna wanaokushauri ununue Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka ofisi za Ulaya, uitie kadi ya picha. Kwa mwenye laki tano siyo ushauri mbaya. Lakini ifungue kwanza. Nyingi zina plagi ya pawa ya pini 6 au 8, wakati ya kawaida ni pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haitaingia bila adapta. Humo utaweka kadi isiyozidi wati 75, kiasi kinachotolewa na sloti yenyewe, kama GTX 1650, na kwenye kasha jembamba utatafuta ile fupi. Uliza pia kizazi cha prosesa: Intel za kizazi cha 7 kushuka chini, ukiacha chache, hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilimaliza muda wake wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukishainunua, ujue na kuitunza. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana mkiambiwa mnacheka. Mashine ya kwanza ilikuwa imeingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ukaenda mrama. Watu wa kuzielewa mashine zile walikuwa wachache mno. Hata leo naona vijana wananunua kitu cha milioni mbili na hawajui kukifungua kupangusa vumbi. Wewe ujue. Kila miezi mitatu kasha lifunguliwe, feni uishike kwa kidole isizunguke, upulize.

Ukishuka tu Msimbazi winga atakudaka: "Bro, unatafuta nini?" Sina ugomvi nao, wanakula kwa miguu yao. Lakini duka atakalokupeleka si lake, na chake kitapandishwa juu ya bei yako. Duka likiwa na kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi", omba dhamana kwa maandishi au pita. Risiti iwe ya EFD, na namba ya kifaa iandikwe nyuma, muuzaji atie sahihi. Akikuambia hana kalamu, kalamu ninayo.

Njoo Jumanne saa mbili asubuhi, kabla mtaa haujajaa. Karatasi yako njoo nayo, na bisibisi ya nyota. Lile neno "yoyote" nimeshalikata. Tutaanza na pawa saplai.