Kikohozi Hukukichagua, Kumlinda Jirani Unakuchagua



Kijana mwenzangu, Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha matendo ya aina mbili. Kuna tendo linalomtoka mtu tu, kama kujikuna kidevu bila kuwaza. Na kuna tendo la kibinadamu hasa, ambalo mtu amelifikiri na kulitaka. Hili la pili ndilo tutakaloulizwa.

Sasa panda nami basi la Kilosa kwenda Mikumi. Vumbi likianza, madirisha yote yanafungwa. Tumebanana, watoto wamepakatwa, mzee mmoja kasimama mlangoni. Ukikohoa hapo, hukuamua. Lakini kuziba mdomo kwa kiwiko, kugeuza uso, kuomba dirisha lifunguliwe kidogo, hayo unaamua mwenyewe. Hapo upendo kwa jirani umeshaanza kazi.

UVIKO-19 ilitufundisha kwa uchungu. Kirusi chake husafiri kwenye matone na chembechembe tunazotoa tukikohoa, tukiongea, hata tukiimba. Mtu anaweza kuambukiza kabla hajajisikia vibaya. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) liliwataka waamini wachukue tahadhari. Machi mwaka huohuo Katibu Mkuu wake, Padre Charles Kitima, alisema kuwa ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki kwa matatizo ya kupumua.

Jamani, hao walikuwa watu wa sala! Msiseme basi kwamba kunawa mikono ni kukosa imani. Aliyetupa neema ndiye aliyetupa mapafu na akili.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Halikusema kirusi kimekwisha. Na Mikumi, malori ya Zambia bado yanasimama; wasafiri na wenyeji wanakula meza moja, jioni kila mmoja anarudi kwa bibi yake.

Kwa hiyo mwanakwaya, ukiwa na mafua makali usiende mazoezini "kujikaza". Chumba kimefungwa, sauti zimepanda, pumzi zote zinachanganyika. Msibani, unaweza kumpa mama mfiwa pole bila kumkoholea shingoni. Na Jumapili ukiwa mgonjwa kweli, Kanisa halikufungi na amri ya kwenda Misa. Salia nyumbani, soma masomo ya siku. Wewe uliye mzima, mpelekee uji, maana kumkinga jirani si kumtenga.

Wiki hii nakupa zoezi moja: kabla hujatoka na kikohozi chako, mtaje kwa jina mtu mmoja dhaifu utakayekutana naye. Muombee, kisha uamue.

Mtakatifu Kizito, utuombee.