Kurejea lugha ya wazee si ukabila



Ndugu msomaji, hapa Chunyu, wilayani Ruangwa, wapo watu wazima waliolelewa kwa Kimwera, wakakiacha kwa ajili ya shule na maisha ya mjini, na sasa wanawaomba wazee wawafundishe upya. Wengi wao wanasikia lakini hawasemi. Ukiwasalimia kwa Kimwera watakujibu kwa Kiswahili. Baadhi ya ndugu zetu wanahoji: Je, huku si kurudisha ukabila? Na mwenye muda wa kujifunza lugha, kwa nini asijifunze Kiarabu akaifahamu Qur'an?

Maswali haya ni ya haki. Kiswahili kimetufaa sana. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zimesomesha kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na vijiji vya miaka ya 1970 vilikusanya watu wa makabila mbalimbali wakapata lugha ya kuelewana. Masheikh wetu nao wametusomesha dini kwa Kiswahili. Hakuna Muislamu wa kusini anayepaswa kukibeza.

Lakini kushika lugha moja hakulazimu kuitupa nyingine. Katika Suratu Ruum, aya ya 22, Allah (s.w.) amezitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Kimwera nacho kimo humo. Na Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua. Zaid alikuwa mwandishi wa wahyi, anakijua Kiarabu barabara, na bado palipokuwa na haja alijifunza. Basi Kiarabu na Kimwera havigombani.

Je, haja yetu sisi ni ipi? Wapo wanaojifunza kwa sababu ya biashara ya ufuta na korosho, na wapo wanaotafuta kura. Hao tuwaache. Haja kubwa ni wazazi. Suratu Israa, aya ya 23, inatuamrisha tuseme na wazazi wetu waliofikia uzee kauli ya heshima. Mzee akizidiwa na umri au maradhi, mara nyingi hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Kiswahili cha sokoni na cha ofisini humtoka. Utamwambiaje kauli ya heshima mtu ambaye hamsikilizani?

Nimepata kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa mmoja mtu mzima sana. Alikuwa akitaja jambo la deni kwa Kimwera, jina la mtu na kiasi, na wanawe waliotoka Dar es Salaam wakitazamana. Jirani ndiye aliyetafsiri. Jirani asingekuwepo ingekuwaje? Suratu Nisaa, aya za 11 na 12, zimeweka wasia na deni mbele ya mirathi. Deni lisiloeleweka halilipwi, na marehemu anabaki nalo. Hapo lugha si mapambo tena. Ni amana.

Ama kuhusu ukabila, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa asabiya ni nini, alifahamisha kuwa ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Kosa basi ni dhulma. Anayetumia Kimwera msikitini ili Mmakonde au Myao asielewe kinachoamuliwa, huyo ana asabiya. Vivyo hivyo anayerejea lugha ili arejee kwenye matambiko, huyo amepotea njia. Lugha ni chombo, na kisu kinachochinja halali hakiharamiki kwa kuwa mwizi naye anacho.

Nawausia wenzangu wa rika langu: wazee wangalipo. Kaa nao baada ya Alasiri, waulize majina ya jamaa, mipaka ya mashamba, nani anamdai nani. Ukikosea matamshi watakucheka, nawe cheka nao. Kuunga udugu ni ibada, na mzee anayesikilizwa kwa lugha yake hufa akiwa amesema yake.

Allah awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Wallahu a'lam.