Anayepanda Mlima Aulizwe

Mdogo wangu alihamishiwa Marekani, jimbo la Iowa. Huko kuna mji unaoitwa Knoxville, wenye uwanja wa udongo wa mbio za magari. Mzunguko wake ni nusu maili, kama mita 800 hivi, na mashindano yake makubwa ya Agosti yalianza 1961. Jumamosi yeye huenda kuosha magari kwa fundi mmoja, halafu ananitumia sauti kwenye simu. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Nakivale, kwa hiyo anajua nitasikiliza mpaka mwisho.

Anasema yale magari hayana gia za kubadilisha njiani. Dereva anaanza na uwiano mmoja, anamaliza nao. Wanachagua kabla, kwenye difu. Nyuma ya difu kuna mfuniko, ndani gia mbili. Fundi anafungua, anatoa, anaweka nyingine, dakika chache tu. Udongo ukiwa na unyevu, tairi zinashika. Ukikauka zinateleza, na nguvu ikizidi inazungusha tairi bure. Basi wanaangalia udongo kwanza, wanamsikiliza dereva, ndipo wanachagua.

Hesabu ni ile ile ya sproketi zetu. Mbele ukiwa na meno 14 na nyuma 42, ile ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Pikipiki inapanda mlima na mzigo, lakini kwenye tambarare injini inalia na mafuta yanaisha. Nyuma ukiweka 38, inakuwa karibu mara 2.7. Unapata mwendo, unapoteza nguvu. Vyote viwili hupati.

Mwaka jana tajiri mmoja aliniletea pikipiki yake. "Fundi, weka ile ya mwendo, mafuta yamepanda." Nikaweka. Kijana anayeiendesha alikuwa amekaa pale pale kwenye jiwe. Sikumuuliza neno.

Baada ya siku chache alibeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, pamoja na dada yake. Katikati ya mlima pikipiki ikashindwa. Yule mama akashuka, akapanda kwa miguu akishikiliwa, mpaka juu. Mtoto alizaliwa salama, tunamshukuru Mungu. Lakini kijana alikuja kwangu akasema: "Fundi, wewe na tajiri mlichagua. Mimi na yule mama tukalipa."

Sikuwa na jibu. Tajiri si mtu mbaya, ana watoto wa kusomesha, na pikipiki ni yake. Mimi nilifanya kazi niliyolipwa, na niliifunga vizuri. Sasa kosa liko wapi?

Nimefikiri sana, naona liko hapa: hatukumuuliza anayejua mlima. Kule Knoxville wakikosea, dereva anarudi anawaambia, wanafungua mfuniko. Sisi tukikosea, kosa linakaa mpaka sproketi iishe meno, na anayelibeba hana pesa ya kununua nyingine.

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi mnachagua gia zetu: siku ya kugawa chakula, umbali wa bomba, mstari wa wazee. Najua bajeti ni ndogo, na vyote hamuwezi kutupa. Hatudai hivyo. Tunaomba tu muulize kabla ya kufunga bolti, na mkishafunga, mrudi kuuliza tena.

Siku hizi mwenye pikipiki akija, namwita dereva kwanza. "Unapita wapi? Unabeba nini?" Tajiri mwingine alikasirika: "Pikipiki ni ya nani hapa?" Akaipeleka kwa fundi mwingine, na ile pesa nikaikosa. Swali lake ni la haki, silikatai. Ila mlima si wake, na aliyeupanda siku ile na uchungu wake alikuwa na haki ya kuulizwa.